Namba Thelathini za Umma

Mtendaji Pancras hakubisha hodi. Alifika na mgambo wawili saa nne asubuhi, Jumatatu, siku ya gulio, akamkuta Véronique anapanga simu za watu kwenye rafu, akamwamuru atoke nje. Véronique alitoka na waya wa chaji mkononi akidhani ni ukaguzi wa leseni. Mgambo mmoja akavuta mlango, mwenzake akatia kufuli jipya, na ufunguo ukaingia kwenye mfuko wa shati la mtendaji.

"Mtendaji, kuna nini?"

"Simu zako zinakula mtandao wa umma."

"Zinakulaje? Si zinachajiwa tu?"

"Hayo utamweleza fundi. Nimempigia mwenyewe, kaniambia mtandao umejaa kwa sababu ya vifaa vingi. Senta nzima ya Rwakaremera, nani ana vifaa vingi kuliko wewe?"

Gulio lilikuwa limeshachangamka. Wauza maharage waliacha vipimo vyao wakaja kutazama. Madereva wa malori ya Kigali, ambao husimama hapo wakitokea Nyakahura kununua ndizi za kuchoma, nao walishusha vioo. Véronique alisimama katikati ya macho yote hayo akiwa na kandambili, waya unaning'inia mkononi, wala hakuna aliyemuuliza kama ni kweli. Jambo likishasemwa na mwenye mfuko wa shati na kalamu mbili, watu hawaulizi tena. Lisemwalo lipo.

Chanzo chenyewe kilikuwa aibu ya mtendaji. Mwezi wa tatu, nyuma ya ofisi ya kata, ulisimikwa mnara wa intaneti ya bure. Mnara ulikuwa mmoja na sanduku lake moja, ila ndani mlikuwa na mitandao mitatu iliyotenganishwa: mmoja wa Ofisi, mmoja wa Walimu, na wa tatu wa Umma, ambao hauna neno la siri. Ijumaa iliyopita walikuja wageni kutoka wilayani. Pancras aliwapanga chini ya mnara, akawaambia watoe simu wajionee maendeleo. Wageni walitoa simu. Kila simu iliandika kwamba inapata anwani, kikaduara kikazunguka, kikazunguka, na anwani haikupatikana. Mgeni mmoja alicheka. Pancras alikaa na kicheko hicho siku tatu, na siku ya nne akakitafutia mtu wa kukilipa.

*

Bigirimana, mume wa Véronique, alirudi kutoka shambani saa tisa na jembe begani akakuta watu kumi na watatu uani kwake. Wote walikuwa wanadai simu zao. Ndani ya kibanda mlikuwa na simu hamsini na mbili, nyingi za watu wa vitongoji visivyo na umeme, ambao huziacha asubuhi na kuzifuata jioni.

"Mimi mnunuzi wangu wa ng'ombe atapiga leo," alisema Idefonsi, mchuuzi wa mifugo, mtu wa sauti kubwa. "Asiponipata ananunua kwa mwingine. Mtanilipa ninyi?"

"Idefonsi, kufuli si langu," Véronique alijibu.

"Kufuli si lako, lakini kosa ni la nani? Mtendaji hawezi kufunga tu duka la mtu hivi hivi."

"Anaweza. Amefunga."

Watu walinung'unika wakaondoka mmoja mmoja. Mama mmoja aliyekuwa akisubiri habari ya mwanawe aliyelazwa alitema mate chini kabla ya kutoka, na akatemea penye mlango kabisa. Bigirimana aliona. Alichukua jembe akakwangua pale mahali, kisha akaketi kwenye kigoda.

"Kesho nitakwenda kumwomba," alisema. "Maneno ya upole hayavunji meno."

"Umwombe nini, baba?" Akimana, binti yao, alitoka jikoni mikono ikiwa na unga. Alikuwa na miaka ishirini na miwili na cheti cha TEHAMA cha chuo cha ufundi, na kwa miezi minane cheti hicho kilikuwa kimelala chini ya godoro. "Umwombe msamaha wa kosa ambalo hata yeye halijui?"

"Wewe unalijua?"

"Nalijua. Leo nimekwenda chini ya mnara nikasubiri dereva mmoja aondoke, nikaangalia. Mama, unajua vile vibao vya namba vya zahanati?"

"Vya foleni?"

"Hivyo hivyo. Ukiingia unapewa kibao, ukishatibiwa unarudisha. Sasa sanduku la mnara nalo lina vibao. Kila simu inayojiunga inapewa namba yake, ndiyo anwani. Bila namba huingii. Nimekuwa nikiandika namba wanazopata watu tangu mwezi uliopita. Zinaanzia kumi na moja, zinaishia arobaini. Sijaona namba nyingine."

Véronique alihesabu kwa vidole. "Thelathini."

"Thelathini, kwa senta nzima na barabara kuu! Na ukishapewa namba, ni yako siku saba hata ukiondoka. Dereva anasimama kula ndizi dakika kumi, simu yake inachukua namba, huyo anakwenda zake. Namba zetu zimeshavuka mpaka wa Rusumo, mama. Ziko Kigali. Na mtu wa hapa akija anaambiwa asubiri."

"Na zile za kwenye rafu?"

"Daftari lako linasemaje?"

Véronique alilifungua. Alikuwa na desturi ya kuandika kila simu na sura yake: *kitochi chekundu, betri imefungwa mpira; kitochi, kioo kimepasuka*. Walihesabu pamoja. Vitochi arobaini na tano. Simu za tachi saba.

"Kitochi hakina hata uwezo wa kuujua huo mtandao," Akimana alisema. "Kwa hiyo kati ya thelathini, sisi labda ni saba. Hao ishirini na tatu mbona hawajafungiwa?"

"Mana yanje, Mungu wangu," Véronique alisema taratibu. Kisha hasira ilimpanda, akafunga daftari kwa nguvu. Miaka sita alikuwa amekaa katika kibanda kile na hajapoteza hata kifuniko cha betri cha mtu.

*

Asubuhi walikwenda ofisini wote watatu. Mbele ya meza ya Pancras palikuwa na viti viwili vitupu, naye hakuwaambia wakae. Walisimama. Aliendelea kusoma karatasi ambayo haikuwa na mistari zaidi ya minne, akaisoma mpaka Bigirimana akahamishia uzito kwenye mguu mwingine.

"Semeni."

"Mtendaji, tafadhari," Bigirimana alianza. Akikosa utulivu, ulimi wake wa Kirundi ulimchezea. "Binti yangu amesomea mambo haya. Anasema hesabu iko tofauti."

"Amesomea wapi?"

Akimana alikitaja chuo. Pancras alicheka kwa pua.

"Haya, mtaalamu. Eleza."

Akimana alieleza kama alivyoeleza nyumbani, vibao na madereva na siku saba, akaongeza jambo moja. "Na huu mtandao wenu wa Ofisi, mtendaji, una fungu lake la namba. Kwa kawaida ni zaidi ya mia mbili. Mnaotumia hapa ni watu watano. Sanduku ni moja. Fundi akiamua anaweza kuwaongezea wa Umma, ni kazi ya dakika mbili."

"Unataka nigawe mtandao wa ofisi kwa wauza ndizi?"

"Mitandao haitachanganyika. Kila mmoja utabaki na ukuta wake. Ni namba tu zinaongezwa."

"Sikiliza, binti. Ninyi watu wa kuja mna tabia moja. Mkipewa mahali pa kukaa, kesho mnataka kutufundisha kazi."

 Bigirimana alitia mkono mfukoni taratibu, akatoa kitambulisho chake cha taifa, akakiweka mezani juu ya ile karatasi.

"Nimezaliwa hapa Rwakaremera," alisema. "Baba yangu ndiye aliyekuja."

"Sijakuuliza kitambulisho."

"Naona."

Pancras alikisukuma kwa ncha ya kalamu mpaka ukingoni mwa meza, kikaanguka. Hakukiokota. Mzee wa miaka hamsini na minane alipiga goti sakafuni mbele ya mkewe na bintiye akaokota uraia wake, akaufuta vumbi kwenye suruali. Laiti ardhi ingekuwa na aibu ingepasuka, lakini sakafu ya saruji haina aibu.

"Fundi anakuja kesho," Pancras alisema. "Mpaka hapo, kufuli linabaki."

*

Fundi aliitwa Teddy, dada wa miaka thelathini hivi aliyefika Jumatano mchana kwa pikipiki, amejaa vumbi mpaka kwenye kope. Watu walishamsubiri. Waliodai simu zao walikuwa wamefika arobaini, na Idefonsi alikuwa mstari wa mbele. Semeni, mwenye duka la vitenge lililotazamana na kibanda cha Véronique, alikuwa amefunga nusu ya mlango wake aje kusikia.

Teddy aliketi kwenye ngazi za ofisi na kompyuta yake mapajani. Akimana alisogea, akamsalimia, akamwomba aonyeshe orodha ya wenye namba kwenye mtandao wa Umma.

"Unajua kuna orodha?" Teddy alishangaa.

"Najua."

Teddy aliifungua. Watu wakasukumana nyuma yao. Majina ya simu yalipangwa kutoka juu kwenda chini, kila moja na namba yake na siku zilizobaki.

"Soma kwa sauti, dada," Véronique alisema.

Teddy alimtazama mtendaji. Pancras, kwa kujiamini, aliitikia kwa kichwa asome.

Alisoma. Simu ya Eric. Simu ya Jean-Paul. Simu ya Habimana. Simu nne mfululizo zenye jina la kampuni moja ya malori ya ng'ambo. Kila jina la dereva liliposomwa, watu walitazama barabarani, ambako hapakuwa na lori hata moja. Zile za kibanda cha Véronique zilikuwa saba, kama alivyosema binti. Na namba ishirini na tisa haikuwa simu.

"Hii ni runinga," Teddy alisema. "Inchi arobaini na tatu."

Rwakaremera nzima kulikuwa na runinga moja ya inchi arobaini na tatu, nayo ilikuwa sebuleni kwa Pancras, hatua ishirini kutoka kwenye mnara. Watoto wote wa senta walishaichungulia dirishani.

"Kikulacho ki nguoni mwako!" Idefonsi alipaza sauti, na umati ukaangua kicheko. Hata mgambo mmoja aligeuza uso pembeni, mabega yanamtikisika.

Pancras hakucheka. Shingo ilimvimba.

"Siku saba ni nani aliziweka?" Akimana aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mimi," Teddy alisema, chini zaidi. "Niliweka kama tulivyoweka hosteli ya wanafunzi. Kule watu ni wale wale. Sikufikiria malori."

Akaandika. Thelathini zikawa mia mbili. Siku saba zikawa nusu saa. Akimana alikuwa amesema dakika mbili, na hazikufika mbili. Ghafla simu za waliokuwa nazo zikaanza kulia kila upande, ujumbe wa siku kumi unamiminika mara moja, watu wakashangilia, wengine wakapiga vigelegele. Mtu mmoja alimpa Teddy soda. Hakuna aliyekumbuka kumshika Akimana mkono.

*

"Sasa ufunguo, mtendaji," Véronique alisema.

Kelele zilipungua. Pancras aliingia ofisini, akatoka na karatasi iliyochapwa.

"Kwanza tumalize hili."

Akimana aliichukua akaisoma kwa sauti, na kadiri alivyosoma ndivyo sauti ilivyomkauka. *Mimi Véronique, mke wa Bigirimana, mkazi wa Rwakaremera, nakiri kwamba nilitumia vibaya mtandao wa umma kwa kuunganisha simu za biashara, nikasababisha usumbufu kwa wananchi na wageni wa kata. Naomba radhi na ninaahidi kutorudia.* Chini yake kulikuwa na nafasi tatu: sahihi ya mkosaji, shahidi wa kwanza, shahidi wa pili.

"Tarehe ni ya jana," Akimana alisema. "Uliiandika kabla fundi hajafika!"

"Taarifa imeshakwenda wilayani kwamba mhusika amepatikana. Nikaandike tena kwamba hakuna mhusika?"

"Mhusika yupo," Véronique alisema. "Ana runinga."

Wachache walicheka, lakini si wengi kama mwanzo. Jua lilikuwa kali, na kicheko hakimpi mtu simu yake.

"Anayesaini anapewa ufunguo," Pancras alisema. "Asiyesaini, kufuli linakaa mpaka kikao cha kata, mwezi ujao. Chagueni."

Hapo ndipo Véronique alipoujua umati. Watu wale wale waliosikia majina ya madereva, walioiona runinga ikisomwa kwenye orodha, walianza kumgeukia.

"Saini tu, mama Akimana."

"Ni karatasi tu, tupate simu zetu."

"Mwenye nguvu mpishe!"

"Karatasi haiumi," Idefonsi alisema, "saini tuondoke."

Bigirimana alimsogelea mkewe sikioni. "Saini, mama. Tuna nini kingine?"

Aliuliza kwa haki. Hawakuwa na kingine. Mahindi ya mwaka huo yaliliwa na viwavi, na cheti cha Akimana hakiliwi. Lakini Véronique alijua pia kwamba mtu hampi simu yake mwizi aliyekiri kwa sahihi yake mwenyewe. Wangefunguliwa leo, na mpaka Krismasi rafu ingekuwa tupu. Alikuwa amesaini karatasi nyingi maishani: za kambini, za uhamiaji, za kijiji, nyingine bila kuzielewa, kwa kuwa aliyezileta alikuwa na haraka. Alichukua kalamu.

"Nitasaini," alisema. "Ila nitasaini wa mwisho. Waanze mashahidi."

Pancras hakulitegemea hilo, lakini hakuona ubaya wake. Alimgeukia Teddy. "Fundi."

"Mimi nimekuja kurekebisha tu, mtendaji."

"Na fomu yako ya kazi nani anaigonga muhuri?"

Teddy alitazama kompyuta yake, akatazama pikipiki ya kukodi iliyokuwa ikimsubiri. Akachukua kalamu akasaini pa shahidi wa kwanza, haraka, bila kusoma.

"Dada," Akimana alisema. "Kosa ni lako na umesaini ni la mama yangu."

"Nina fomu, mdogo wangu." Hakuinua uso.

"Shahidi wa pili," Véronique alisema, akaugeukia umati na kalamu mkononi. "Idefonsi. Wewe umesema karatasi haiumi."

Idefonsi alirudi nyuma hatua moja. "Mimi sijui kuandika vizuri."

"Kuna wino wa dole gumba."

"Jina langu lisiingie huko. Mambo ya karatasi leo yako kwa mtendaji, kesho yako mahakamani."

"Na jina langu mimi?"

Idefonsi aligeukia barabara. Véronique alimtafuta Semeni kwa macho. Miaka sita walikuwa wanakopeshana chumvi na kuangaliziana watoto.

"Mama Akimana, mimi nina duka," Semeni alisema. "Unanielewa."

"Nakuelewa sana."

Alimnyooshea mzee mmoja, mzee akakohoa. Alimnyooshea yule mama aliyetema mate mlangoni kwake, mama akajifunika khanga mpaka kidevuni. Watu arobaini walikuwa tayari Véronique aitwe mwizi, na hakukuwa na hata mmoja aliyekuwa tayari kuandika kwamba alimwona akiiba. Alipita mbele yao mmoja mmoja, bila haraka, kalamu imenyooshwa, na kila alipopita vichwa viliinama.

"Mgambo!" Pancras aliita.

"Mtendaji, mimi nilifunga mlango tu," mgambo alisema. "Sikuona kosa lolote."

Véronique alirudi akaiweka kalamu juu ya karatasi. "Ukipata wa pili, niite. Nipo nyumbani."

Pancras aliikunja ile karatasi yenye sahihi moja. Bila shahidi wa pili haikuwa na maana, na watu arobaini sasa walikuwa wanautazama mfuko wake wa shati. Akatoa ufunguo mfukoni, akautupa mavumbini miguuni pa Bigirimana. "Chukueni! Faili lenu ninalo."

Bigirimana alianza kuinama. Véronique alimshika mkono.

"Usiinue."

"Mama..."

"Jana uliinama. Inatosha."

Ufunguo ulikaa pale chini. Watu waliutazama, wakatazamana. Mwishowe ni Idefonsi aliyeinama, akaupuliza vumbi, akamkabidhi Véronique kwa mikono miwili.

*

Walifungua kibanda saa kumi. Simu zote zilikuwa zimezimika. Véronique alizitoa moja moja akisoma daftari, kila mtu akipokea yake kimyakimya. Wengine walisema asante, wengine pole, naye hakuitikia pole ya mtu. Semeni alituma mtu achukue ya kwake.

Idefonsi alibaki nyuma. Alibonyeza simu yake mara tatu, kioo kikabaki cheusi.

"Haina moto hata kidogo," alisema. "Nikuachie saa moja tu, mama Akimana, huenda mnunuzi bado anapiga."

"Acha. Mia tano."

"Mia tano? Jumatatu ilikuwa mia tatu!"

"Jumatatu ulikuwa unamlipa mama Akimana," Véronique alisema, akichomeka waya. "Leo unamlipa mwizi."

 Idefonsi alipapasa mifuko yote miwili, akaweka mia tano mezani.